Kalipa ya Kushoto

Sulaiti alizikwa Alhamisi alasiri, na mimi nilifika kwake Mbarara Ijumaa asubuhi, nimechelewa kama nilivyochelewa katika kila jambo lililomhusu. Habari nilipewa kwa simu na muuza vipuri mmoja wa mjini, katikati ya maneno mengine: pedi zako za breki zimefika, na yule fundi mzee wa Kiislamu amefariki. Nilifunga gereji yangu ndogo hapa Oruchinga, nikaoga, nikavaa shati la kwenda kanisani, nikaondoka. Vijana walikuwa uani wakikunja turubai. Mjane alikuwa ndani kwenye eda, nyuma ya pazia la kijani lililotenga sebule na chumba, na binti yake mkubwa, Hadija, ndiye aliyeniletea chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi na chapati zilizobaki jana. Nilikitazama kikombe muda mrefu. Mimi ni mtu wa kushuku. Sijisifu, huo ni ugonjwa, na mpaka leo nikipewa kinywaji nyumba ya watu nasubiri mwenyeji anywe kwanza. Hadija hakunywa. Aliingia nyuma ya pazia, nikasikia jina langu likitajwa kwa sauti ya chini, mara mbili, kisha mwanamke mtu mzima akauliza: "Enoki? Ile ya Kashojwa?" Kwa miaka ishirini na zaidi nilikuwa nimejidanganya kwamba katika nyumba hiyo hakuna anayenikumbuka.

Mwaka ninaousema ni 2002. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeoa, na mimi na mke wangu Neema tulikaa Kashojwa, kijiji cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwa shangazi yangu, ambaye kwa desturi yetu ya Kongo tulimwita Tantine Debora. Nyumba ilikuwa ya udongo, vyumba viwili na jiko la nje. Chumba cha mbele kilikuwa na benchi moja, kibao cha kuwekea Biblia, na vibuyu vya maziwa vilivyoning'inizwa ukutani vikinuka moshi wa nyasi. Tulikula maharage na bugali wa muhogo, siku njema tukapata sombe, yaani kisamvu, na kila tulipokula mlango ulikuwa wazi na mimi nilikaa nikiutazama. Si mimi peke yangu. Kijiji kizima kilikuwa hivyo. Tulikuwa tumekimbia watu tuliowajua kwa majina, watu waliokuja kwenye harusi zetu, kwa hiyo mgeni akiuliza fulani anakaa wapi tulimwambia hatumjui, hata kama fulani mwenyewe alikuwa amesimama pale. Ukimwona mtu ana daftari, ulijiuliza anaandika majina ya nani. Mtu akikusalimu kwa furaha mno, ulilala ukiiwaza ile salamu. Nasema haya ili ieleweke kwamba lile nililolifanya baadaye sikulianzia hewani, ingawa hilo halinipunguzii kitu.

Mwaka uliotangulia, Neema alikuwa amepoteza mimba ya kwanza akiwa amekaa kando ya barabara akisubiri gari la kumpeleka hospitali ya Ruharo, mjini Mbarara. Lilipokuja, halikuwa na kazi tena. Tantine Debora hakulia mbele za watu. Alikaa miezi miwili akifikiri, kisha akawatoa ng'ombe wake wawili, wale pekee aliokuwa nao, akabadilisha na gari. Sijui kama msomaji asiyetoka kwa wafugaji anaweza kuelewa mama wa kwetu kumtoa ng'ombe ni jambo gani. Alitembea nao mpaka barabarani akiwaimbia, akarudi amekaa kiti cha mbele cha gari dogo jeupe, kuukuu, lililokwisha pita mikono mingi, na tangu siku hiyo akaliita Gitare, jina ambalo kwetu hupewa ng'ombe mweupe. Asubuhi alilisalimu. Alilifuta vumbi kwa kiganja, akalipigapiga ubavuni, akaniuliza kama limekunywa. Sisi tulicheka. Gari lile lilikuwa na kazi moja kubwa machoni pake: Neema alikuwa na mimba tena, na safari hii hakuna atakayekaa barabarani kusubiri.

Aliyetupatia gari ni Sulaiti. Alikuwa na uwanja wa ufundi Mbarara, ukuta wa mabati, na umri wake labda arobaini na mitano. Alikuwa mfupi, ana kofia nyeupe ya kufuma iliyogeuka rangi kwa grisi, na alisema Kiswahili cha Uganda, kile cha polisi na wenye malori. Alinipenda, sijui kwa nini. Kwetu nilikuwa nimeendesha malori kidogo na nikajua kubadilisha matairi, basi. Yeye aliniambia nina mkono mzuri, na kwamba tutafungua gereji ya pamoja karibu na Base Camp, penye ofisi za kambi, kwa kuwa pikipiki na magari ya Nakivale yalikuwa yakisafiri mpaka mjini kutafuta fundi. Si maneno tu. Alikuja na nguzo nne juu ya pikapu, tukazichimbia pamoja. Nilizitazama nguzo zile kila nilipopita na nikafurahi, kisha nikajiuliza anataka nini kwangu.

Mwezi wa nane Gitare likaanza kuugua. Ukiliendesha lilivuta kushoto. Ukiondoa mguu kwenye breki, lilikuwa bado limeshikilia, halitaki kuserereka. Nikifika nyumbani gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa na moto usiogusika, na harufu yake ilichoma pua. Nilimpelekea Sulaiti habari, akaniambia nisilipeleke mjini, breki ikishikilia njia nzima gurudumu linaweza kuwaka, atakuja mwenyewe. Alikuja Jumamosi na sanduku la spana na kifurushi kidogo cha mipira mipya ya pistoni. Tukaweka mawe nyuma ya magurudumu, tukapiga jeki, tukatoa gurudumu. "Zungusha," akaniambia. Nikajaribu kuizungusha diski kwa mikono miwili, haikuenda. "Unaona? Kalipa iko nakamata." Alinionyesha: kalipa ni kile chuma kinachoikumbatia diski, na ndani yake mna pistoni inayosukuma pedi kubana. Ukiachia breki, pistoni inatakiwa kurudi nyuma kidogo. Ya kwetu ilikuwa na kutu, inatoka lakini hairudi.

Ile siku nimeirudia kichwani mara nyingi, nikitafuta saa na dakika. Tulifungua bolti mbili, tukaishusha kalipa. "Hapana acha naning'inia na mpira," akasema, akaifunga kwa waya kwenye springi ili lile bomba la mpira la kupitisha mafuta lisivutike. Akaniambia nikanyage pedali polepole mpaka pistoni ikasogea nje, tukaitoa kwa mkono. Tantine Debora alituletea kitenge cha zamani kilichofuliwa, tukapanga kila kitu juu yake: pistoni, pedi, mipira mipya, bolti kwa mpangilio. Tulisugua kutu kwa msasa laini mpaka chuma kikang'aa. Tulisafisha kwa mafuta ya breki tu. Nilipotaka kuchukua petroli, Sulaiti alinipiga kofi dogo la mkononi. "Sikia, Enoki. Hii mpira hapana penda mafuta ingine. Petroli hapana. Oili hapana. Grisi hapana. Mafuta ya breki peke yake." Alisema hivyo mara tatu mchana ule. Ningeweza kuapa mahakamani kwamba alisema mara tatu.

Tantine alikuwa ameandaa kuku. Alipomshika ili achinje, Sulaiti akanawa mikono, akamwambia kwa adabu, "Nyabo, nisaidie, mimi nachinja." Tantine akampa kisu na kuku. Lakini Diakoni Samsoni, mzee wa kanisa letu aliyekuja kuangalia kazi kama wanaume wengine wa kijiji, alinyanyua nyusi akatazama pembeni. Tukaingia kula. Ulikuwa mchuzi mzuri, wenye samli juu. Sulaiti alikula haraka, akauliza maji ya kutawadha, akatoka nje kusali upande wa kivuli cha gari. Mimi nilibaki ndani, na kupitia ukuta wa udongo nikamsikia Diakoni akisema na mtu nje ya jiko. "Muntu wa inje hawezi kukupa kitu bule. Alibaletea gari yenye iko na bugonjwa, leo anabaletea dawa. Kesho itagonjwa tena. Na ile kuku? Alikatala siye tuchinje. Alikuwa anaogopa nini?" Mwingine akasema, "Na sasa iko peke yake pale na bile byuma." Nikaacha kutafuna. Nilitamani kusimama niende kuangalia, nikaona aibu. Tantine alikuwa akiingia na kutoka na vyombo. Hakuna aliyemhesabu Tantine.

Tuliporudi kazini Sulaiti alisema, "Weka wewe. Mimi naangalia." Nikachukua ule mpira wa pistoni, ile pete inayozuia mafuta yasivuje. Ulikuwa laini, unateleza, unang'aa. Nilidhani yeye ndiye aliyeuchovya kwenye mafuta ya breki kabla ya sala. Yeye, nadhani, alidhani ni mimi, au hakudhani kitu. Ukaingia kwenye mfereji wake bila shida. Nikaisukuma pistoni kwa vidole gumba, tukarudisha pedi na bolti, tukatoa hewa: Neema, na tumbo lake, alikaa kwenye usukani akikanyaga na kushikilia, mimi nikafungua nati ndogo na kufunga, mpaka mapovu yakaisha. Gurudumu likazunguka kwa kidole kimoja. Tantine alipiga vigelegele. Sulaiti alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Wiki sita likaenda vizuri. Kisha, siku mbili kabla ya uchungu kumshika Neema, nilihisi lile lile: linavuta kushoto kidogo. Nikajiambia ni barabara. Uchungu ulianza asubuhi, tukaondoka na jua likiwa limepanda, mimi, Neema na Tantine. Nusu ya safari harufu ikaingia ndani. Nikapunguza mwendo, moshi ukaonekana kwenye gurudumu, na kwenye mteremko nikakanyaga breki, pedali ikaenda mpaka chini, tupu, mafuta yamechemka, hakuna kitu. Nililitupa gari kwenye mtaro wenye nyasi na kuvuta breki ya mkono. Lilisimama limeinama mbele ya shamba la migomba. Neema hakupiga kelele; alinitazama tu, na katika macho yake nikaona ile barabara nyingine, ya mwaka uliopita. Mama mmoja Munyankore, mwenyeji wa pale, akatoka kwenye migomba, akaangalia mara moja, akawafukuza wanaume wote. Binti yetu alizaliwa pale, juu ya majani ya migomba, mzima. Damu ya Neema ndiyo haikukoma. Pikapu la matoke likamchukua mpaka Ruharo akiwa juu ya mikungu, ameishika mikono ya Tantine, hajui kama anakwenda au anarudi. Alilazwa siku tisa. Nilikaa kwenye nyasi za hospitali na nilikuwa na wazo moja tu, ambalo nililitafuna kama mfupa: nani aligusa gari langu?

Msomaji anaona nilikokwenda. Mtu mmoja tu aliachwa peke yake na vile vyuma. Mtu mmoja tu ambaye gari likiharibika yeye ndiye anayeitwa. Kila wema wake niliugeuza nikauangalia kwa nyuma, na nyuma yake nikaona nilichokuwa nikikitafuta. Kwa nini nguzo? Kwa nini kunifundisha bure? Kwa nini aliniambia nifunge mimi mwenyewe, kama si ili mikono ya mwisho iwe yangu? Gari lilivutwa mpaka nyumbani, nikalifungua bila yeye, na nikautoa ule mpira. Ulikuwa umevimba, umekuwa mnene, hauna umbo lake, umeibana pistoni kiasi kwamba niliipiga kwa nyundo kuitoa. Niliufunga kwenye karatasi kama ushahidi, nikamwonyesha Diakoni. Akautazama, akasema polepole, "Nilisema." Alikuwa na furaha, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nayo pia. Kumbe kushuku kwangu kote kulikuwa na sababu. Kumbe mimi si mgonjwa.

Sulaiti alikuja mwenyewe. Alikuwa amesikia mtoto amezaliwa, akaja na sukari, sabuni ya kipande na kitambaa cha mtoto, amevaa kanzu. Nilimsubiri mlangoni. Wanaume saba au wanane walikuwa wamekaa nami, Diakoni akiwa katikati. Sikumpa mkono. Nikamtupia ule mpira. "Nini hii?" nikamwambia. "Eleza batu, ulifanya nini?" Akauokota. Aliugeuza, akaubonyeza, kisha akaupeleka puani, akanusa, akanusa tena. Halafu akainua macho, si kwangu, akatazama ndani ya nyumba. Tantine alikuwa pale amekaa kwenye mkeka, mtoto magotini, akimpaka mwili kwa samli kama tunavyowapaka watoto wetu, na alipomwona akaita kwa furaha, "Fundi! Karibu, kuja uone mutoto!" Sulaiti akauweka ule mpira kwenye benchi, taratibu. "Hii kazi iliharibika," akasema. "Ilikuwa kazi yangu."

Nilipiga kelele. Sikumbuki yote, lakini nakumbuka neno moja, nalikumbuka vizuri sana, muuaji, na nilimwita hivyo mara mbili, na mara ya pili wale wanaume waliitikia. Sulaiti aliweka sukari na sabuni na kitambaa kwenye kizingiti, akamwinamia Tantine kidogo, akaenda zake kwa miguu mpaka barabarani. Diakoni alitaka vitu vile vitupwe. Tantine akasema sabuni ni sabuni, akavichukua. Jioni ile aliniambia, "Miye siamini, Enoki. Muntu mwenye alichinja kuku muzuri vile." Nikamjibu kwamba yeye ni mama, hajui mambo ya watu. Katika mwezi mmoja hakuna pikipiki ya Nakivale iliyokwenda tena kwa Sulaiti. Hakuja kuchukua nguzo zake. Watu walizing'oa moja moja kuwa kuni, na mimi niliona.

Hadija alitoka nyuma ya pazia, akakaa mkabala nami. Nilitaka kuanza kusema nililokuja nalo, ila maneno niliyokuwa nimeyapanga kwenye basi yalitoweka, nikauliza habari za ugonjwa. Shinikizo la damu, akasema, na mwishoni macho. Nilisema pole. Nyuma ya pazia nilisikia mama yake akikohoa, na nikajua anasikiliza, na nikaanza tena kushuku: wananingoja nini? Nani mwingine yuko chumbani? Nilikuwa mwanaume wa umri wangu, mwenye wajukuu, nimekaa nyumba ya msiba, nikihesabu milango.

Sikuujua ukweli siku ya kumshtaki. Kama ningeujua kwanza ndipo nikamshtaki, ingekuwa dhambi nyingine. Niliujua wiki tano baadaye, kanisani, siku ya kumshukuru Mungu kwa mtoto. Neema alikuwa amepata nguvu, amekaa mbele na binti yetu. Saa ya ushuhuda ilipofika, Tantine Debora akasimama, amevaa kitenge chake cha sikukuu. "Bwana asifiwe!" Tukaitikia. Akaeleza jinsi alivyowatoa ng'ombe wake. Akaeleza jinsi gari lilivyougua mguu. "Ile siku fundi alifungula muguu wa Gitare, niliona bile bitu juu ya kitenge, bikavu, bya kuhurumia. Ile mipira ilikuwa mikavu sana. Nikasema, ng'ombe wangu sikumuacha akauke, nitaacha huyu? Wakati banaume banakula na fundi anaomba kwa njia yake, nikakamata mafuta ya ng'ombe, nikapakaa kimoja kimoja. Ile mipira nikapakaa mara mbili. Nikaomba: Bwana, fasi yenye hii gari itasimama, pale pakuwe salama. Na Bwana akaisimamisha wapi? Mulangoni kwa mama mwenye anajua kuzalisha! Haleluya!" Kanisa likalipuka. Watu walisimama, ngoma ikapigwa, Diakoni Samsoni akainua mikono yote miwili.

Mimi nilikuwa nimekaa. Nilielewa kabla hajamaliza sentensi. Samli. Ule utelezi kwenye vidole vyangu. Mpira wa breki ukipakwa samli unaivuta ndani, unavimba siku baada ya siku mpaka unaishika pistoni. Sulaiti aliniambia mara tatu. Na alinusa. Alinusa mbele ya macho yangu, akamtazama mama aliyempikia, akanyamaza. Ningeweza kusimama pale pale. Ushuhuda ulikuwa wazi, mtu yeyote alikuwa na ruhusa. Ningesema, ndugu zangu, tumemwonea mtu. Nilimtazama Tantine, uso wake umelowa machozi ya furaha, Neema akimkumbatia. Nikawaza: nikisema, nitamwambia huyu mama kwamba mikono yake ndiyo ilimlaza Neema siku tisa. Hilo ni kweli, niliwaza hivyo. Lakini niliwaza pia kwamba watanicheka, kwamba nilimwita mtu muuaji mbele ya kijiji na ushahidi wangu ulikuwa samli ya nyumbani kwangu. Sijui lipi lilikuwa na uzito zaidi, na nashuku najua. Nikasimama na wengine, nikasema Amina.

Jumatatu niliweka mpira mpya, nikiwa nimemwomba Tantine asikae karibu, na kalipa ya kushoto haikunisumbua tena. Mara nne au tano nilikwenda mpaka lango la Sulaiti. Siku moja lilikuwa wazi, nikamwona amelala chini ya lori, miguu tu inaonekana, kandambili moja imemtoka. Nilisimama kwa muda wa mtu kusema jina. Nikaondoka. Tantine alifariki miaka saba baadaye akijua kwamba Mungu alimsikia. Kisha nikahamia Oruchinga na kufungua gereji, na vijana ninaowafundisha nawaambia wafunge kalipa kwa waya, wasiiache inaning'inia na mpira, nao hudhani maneno hayo ni yangu.

Niliyasema yote kwa Hadija, mwishowe. Niliyasema nikitazama sakafu: samli, kanisa, Amina, lango. Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Yeye alijua, sebo."

"Najua alijua, mama. Alinusa."

"Alirudi hapa siku ile, nasema: ni ule mama, yeye nalipenda gari, basi alipaka samli. Sisi tulicheka. Halafu yeye hapana cheka tena. Mimi naliuliza, kwa nini wewe hapana sema? Yeye nasema, ule mama iko nashika mtoto. Mimi nikisema, watu yake nasema yeye ndiyo nataka kuua. Nasema, ngoja. Enoki iko na akili ya kazi, atajua mwenyewe. Akijua, atasema." Akakohoa, akaendelea. "Kila gari nakuja hapa kutoka huko Nakivale, yeye nauliza dereva: Enoki nasema nini? Mpaka macho naisha, alikuwa nauliza."

Nikaomba msamaha, kwa Kiswahili chake na changu. Akasema yeye hana haja nao. "Mimi najua bwana yangu. Hapa hakuna mtu aliita yeye ile jina. Ni huko."

Jumapili nikaenda Kashojwa. Kanisa sasa lina mabati na spika, na limejaa. Nilitafuta sura. Diakoni Samsoni alipelekwa Marekani na watoto wake zamani. Wale wanaume wa mlangoni, mmoja amekufa, wengine wako Australia, Kanada, sijui wapi. Katika watu mia na zaidi sikumwona hata mmoja aliyeitikia siku ile. Saa ya ushuhuda nilinyanyua mkono, wakanipa maiki. Nikasema, nimekuja kusafisha jina la mtu aliyefanya kazi hapa, fundi Sulaiti wa Mbarara, aliyeonewa. Nilisubiri. Watu walinitazama kwa upole, kama wanavyomtazama mgeni mwenye mvi. Kwenye benchi ya pili msichana mmoja akamnong'oneza mwenzake, nami nikasikia: "Sulaiti ni nani?"

Hakuna aliyejua. Hapakuwa na uchafu wa kusafisha kwenye kichwa cha yeyote mle ndani. Ili nimwondolee lile neno, ilibidi kwanza niwaambie ni neno gani. Nikalisema, kwenye spika, na ndivyo watoto wale walivyomjua Sulaiti kwa mara ya kwanza.